Asante Inayomfikia Mpakiaji, Bodaboda na Mlinzi: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Kampuni za Vifurushi

Kifurushi kilichopokelewa Kariakoo asubuhi na kufika Tegeta kabla ya adhuhuri kimepita mikononi mwa watu wengi: karani wa mapokezi, mpakiaji, anayepanga mizigo kwa njia, dereva wa kirikuu na utingo wake, bodaboda anayekifikisha mlangoni. Ongeza mlinzi aliyefungua geti saa 10 alfajiri na dada wa usafi aliyefagia sakafu kabla mizigo haijashushwa. Mteja anamjua mmoja, yule aliyembishia hodi. Ofisi nayo mara nyingi inawajua wawili watatu. Wasiojulikana ndio wenye kipato kidogo kuliko wote. Wengine hawana hata mshahara, wanalipwa kwa siku au kwa kifurushi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye ndani ya kampuni kama hiyo na anayepata zaidi yao kidogo: karani, mhasibu, msimamizi wa zamu, meneja wa tawi. Mifano ni ya Dar es Salaam, na sheria inayotajwa ni ya Tanzania Bara. Kabla ya kupanga lolote jiulize: asante hii itamgharimu nini anayeipokea? Sherehe inayomkalisha mpakiaji hadi akose gari la Mbagala, au inayomsimamisha bodaboda saa za mizigo, imemtoa pesa mfukoni. Hata pilau likiwa tamu, ataihesabu siku hiyo kuwa ya hasara, na atakuwa na haki.

Andika majina yote kwanza

Orodha ya mhasibu haitoshi kwa sababu ina waajiriwa tu. Chukua vitabu vitatu: daftari la mahudhurio, kitabu cha getini, na daftari la kugawa vifurushi kwa bodaboda. Rudi nyuma wiki mbili, uandike kila jina unalolikuta. Hapo ndipo anapoonekana dada wa usafi anayeingia saa 11 alfajiri na kuondoka saa 2 asubuhi, kabla wengi wa ofisini hawajafika. Mlinzi wa usiku aliyeajiriwa na kampuni nyingine ya ulinzi. Na vibarua wanaoitwa siku Fuso mbili zikiingia kwa pamoja.

Mbele ya kila jina andika mambo matano: jina kamili kama anavyoliandika mwenyewe, zamu yake, anayemlipa, namba ya simu anayopokelea pesa pamoja na jina linalotokea, na chakula asichokula. Hilo la jina linalotokea usiliruke. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la dada yake au la mume, na pesa ikitumwa kwa kubahatisha huishia kwa mtu mwingine. Uliza tu: "Jina litatokea nani?" Ni swali la kawaida na halimuudhi mtu.

Majina ya utani yana mtego wake. Mtu ameitwa Babu au Masai kwa miaka minne, kisha siku ya kupewa cheti ofisi nzima haijui jina lake la pili. Likikosewa jina kwenye karatasi ya shukrani, karatasi hiyo haiwezi kuonyeshwa nyumbani wala kupelekwa kuombea kazi.

Mpe kilicho chake kabla ya kumpa zawadi

Hakuna mfuko wa unga unaofunika malipo ya saa za ziada yaliyopotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, nazo zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Anayefanya kazi sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa siku hiyo. Na baada ya saa 5 mfululizo mtu ana haki ya mapumziko ya dakika 60.

Mambo haya huharibika kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye nia. Desemba mizigo ni mingi, msimamizi anasema "nitasaini kesho", fomu inakaa kwenye droo, mhasibu anafunga hesabu tarehe 22, na saa 18 za mtu zinahamia mwezi ujao au zinapotea kabisa. Dawa yake ni ndogo: fomu isainiwe kabla mtu hajavua kizibao chake, tarehe ya kufunga hesabu ibandikwe ukutani pale wapakiaji wanapokaa, na mtu mmoja wa ofisi awe na jukumu la kuzifuata fomu siku mbili kabla. Ukiwa mhasibu, kazi hiyo ya robo saa kwa mwezi inashinda keki yoyote utakayoagiza.

Jambo la pili ni makato ya mzigo uliopotea au kuvunjika. Kifungu cha 28 cha sheria hiyohiyo hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu tu kioo kimevunjika. Uharibifu lazima uwe umetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aandikiwe sababu, kiasi na namna kilivyopigiwa hesabu. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Karani aliyepokea vyungu vilivyofungwa kwa gazeti moja, bila kubandika lebo ya "kinavunjika", asikae kimya mpakiaji anapodaiwa. Aandike wazi kwamba mzigo ulipokelewa ukiwa hivyo. Kumtetea mtu kwa ukweli pale mshahara wake unapotaka kupunguzwa ni shukrani asiyoisahau.

Bodaboda: dakika na petroli

Bodaboda wengi hawamo kwenye orodha ya mshahara. Wanalipwa kwa kifurushi, petroli ni yao, na pikipiki mara nyingi ni ya mkataba, kuna hesabu ya kupeleka kwa mwenye chombo. Kwa mtu huyu muda ni pesa kwa maana ya moja kwa moja. Akiwa anafikisha vifurushi 3 kwa saa, kumweka dakika 40 akisubiri saini yako ni kumnyima vifurushi 2.

Kwa hiyo karani anayetaka kumheshimu bodaboda aanze na anwani. "Mbezi, karibu na kituo" ni anwani ya kumpoteza mtu: kuna Mbezi Beach na kuna Mbezi ya Morogoro Road, na kati yao ni kilomita nyingi. Kwenye kila lebo andika:

1. Jina la mpokeaji na namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu anayekaa naye.
2. Mtaa, pamoja na alama inayoonekana ukiwa juu ya pikipiki: msikiti, shule, mnara wa simu, geti la rangi fulani. "Duka la Mangi" halitoshi, maduka ya Mangi yapo kila mtaa.
3. Saa mpokeaji anapopatikana.
4. Kiasi cha kukusanya, na kama mteja atalipa taslimu au kwa simu.
5. Uzito. Kinachozidi kilo 25 kibandikwe lebo ya "watu wawili", na kisipakiwe kwenye pikipiki bila bodaboda mwenyewe kukubali.

Mpigie mteja kabla kifurushi hakijatoka. Simu ya dakika moja kutoka ofisini huokoa safari nzima ya kwenda Gongo la Mboto na kurudi na mzigo mkononi. Na safari ikiharibika kwa kosa la ofisi, bodaboda alipwe safari hiyo kama kawaida. Kuwe na fomu fupi ya safari bure, na bahasha ndogo ya dharura kwa msimamizi wa zamu, ili asisubiri mwisho wa wiki.

Siku za masika, Machi hadi Mei, mambo hubadilika. Jangwani ikijaa maji, barabara ya Morogoro hufungwa na njia ya saa moja huwa ya saa tatu. Ongeza muda kwenye ahadi unayompa mteja, usimwachie bodaboda kazi ya kuomba radhi kila mlango. Koti la mvua, gambuti, helmeti na kizibao cha kuakisi mwanga ni vifaa vya kazi. Usivifunge kwa utepe na kuviita zawadi. Watu wanajua tofauti.

Choo, maji, kiti, chaji

Sehemu hii ni fupi kwa sababu haihitaji falsafa. Kama wapakiaji na walinzi wanakatazwa choo cha ofisi na kuelekezwa nyuma ya ghala, anza hapo. Mpe kila msimamizi wa zamu ufunguo, hasa zamu ya usiku, maana ufunguo hulala kwenye droo ya mtu aliyekwenda nyumbani saa 11 jioni.

Maji: mpakiaji kwenye joto la Dar es Salaam anahitaji kama lita 4 kwa zamu. Watu 15 ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20 kila zamu, na kila mtu awe na chupa yake yenye jina. Dumu moja likiwekwa kwa siku nzima huisha saa 4 asubuhi na wengine hununua maji kwa pesa yao. Weka benchi yenye kivuli na soketi sita za kuchajia simu pale bodaboda wanaposubiri. Simu ikizima, bodaboda hana kazi.

Maneno: yawe na jina, tukio na matokeo

"Asanteni nyote kwa kazi nzuri" haimfikii mtu. Asante inayoshika ina mambo matatu: alichofanya, lini, na kilichookoka. "Kaka, ule mzigo wa vioo wa juzi uliushusha ukaufunga kamba upya. Umefika Bagamoyo mzima, mteja amenipigia simu kushukuru." Sentensi hizo zinamwambia kwamba macho yameona kazi yenyewe. Zisemwe siku hiyo au kesho yake. Baada ya wiki mbili hata mwenyewe amesahau mzigo gani.

Umri unatangulia cheo. Mpakiaji wa miaka 55 anaamkiwa "Shikamoo" na meneja wa miaka 30, na haipunguzi chochote kwenye umeneja. Ukimwita "kijana" mbele ya watoto wa ofisini umeshafuta asante ya mwaka mzima. Wapakiaji wenyewe wanaweza kuitana makuli kwa utani wao. Neno hilo likitoka mezani kwa mhasibu lina uchungu mwingine. Kaka, dada, mzee, mama, dereva: yanatosha.

Sifa nyingine ni zile zinazosemwa mtu asipokuwepo. Kwenye kikao cha Jumatatu, kama aliyegundua mizigo ya Temeke imechanganywa na ya Tegeta ni dada anayepanga, mtaje yeye kwa jina, usiseme "timu iligundua". Ujumbe wa mteja wa kusifu uhamishwe siku hiyohiyo kwa aliyesifiwa. Asiye na simu ya WhatsApp asomewe au achapiwe, na nakala iingie kwenye faili lake.

Barua yenye muhuri

Kwa mtu asiye na vyeti vingi, barua ya kampuni yenye muhuri ni mali. Humsaidia kuomba kazi ya kudumu, mkopo kwenye kikundi, hata nafasi ya udereva. Tumia karatasi ya kichwa cha kampuni, ukurasa mmoja, na sentensi zisizozidi sita. Mfano:

"Ofisi inatambua kwamba usiku wa tarehe ___, Ndugu ___ aliona maji ya mvua yakiingia ghalani, akahamishia vifurushi 64 kwenye rafu za juu na kumpigia simu msimamizi. Hakuna mzigo ulioharibika. Amefanya kazi kwenye kituo hiki tangu mwezi ___ mwaka ___. Tunamshukuru kwa uangalifu wake."

Kisha jina la anayesaini, cheo, saini, muhuri na tarehe. Nakala mbili halisi: moja yake, moja ya faili. Mlinzi na mtu wa usafi wanaolipwa na kampuni nyingine waandikiwe barua kupitia mwajiri wao, na nakala wapewe mkononi. Mpigie kwanza msimamizi wao umweleze, kwa sababu barua inayoingia bila taarifa wengine huidhania malalamiko, na mtu huhamishwa lindo kabla haijasomwa hadi mwisho.

Chakula cha pamoja

Saa nzuri ni asubuhi, kati ya saa 12:30 na saa 1:30, wakati bodaboda wanasubiri mizigo ipangwe na zamu ya usiku haijaondoka. Hapo humpotezei mtu kifurushi hata kimoja. Chai ya maziwa ya watu 40: maji lita 7, maziwa lita 3, majani ya chai gramu 80, sukari nusu kilo pamoja na nyingine pembeni, tangawizi mbichi gramu 150 iliyotwangwa. Unapata vikombe 40 vya mililita 250. Weka lita mbili tatu zaidi bila sukari kwa wenye kisukari. Maandazi 90, mayai ya kuchemsha 45. Watu waliobeba mizigo usiku kucha hawashibi kwa andazi moja, na kuwahesabia mmoja mmoja ni kosa la waandaaji wanaofanya kazi wamekaa.

Pilau la watu hao hao 40 linataka mchele kilo 8, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 10, viazi kilo 4, vitunguu kilo 3, vitunguu saumu robo kilo, na bizari ya pilau ya kutosha sufuria mbili. Pika kwenye sufuria mbili za kilo 4 kuliko moja ya kilo 8; sufuria kubwa mno huunguza chini wakati juu bado ni mchele. Kachumbari: nyanya kilo 4, vitunguu kilo 2, ndimu 15, pilipili kando. Nyama ichinjwe kwa namna ambayo Mwislamu na Mkristo wote wanaila, na chakula kiwe kimoja kwa wote. Mkimwita mpishi wa nje, alipwe. Usimwombe dada wa usafi apike "kwa kuwa anajua".

Kinachoharibu chakula cha kazini ni ugawaji. Ofisi inakula saa 7, wapakiaji wa mchana saa 8, na zamu ya jioni inakuta ukoko. Pima sehemu ya zamu ya mwisho na ya bodaboda walio njiani kabla mtu yeyote hajanawa mikono, uiweke kwenye hotpoti zenye majina. Wali uliokaa kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili unaweza kumuumiza mtu tumbo hata ukinukia vizuri, kwa hiyo hotpoti zifungwe kukiwa bado na mvuke, au pika mara mbili. Watu wa ofisi wawe wa mwisho kujipakulia, kisha wakae benchi moja na wengine. Meza ya mabosi yenye kitambaa, kando ya wapakiaji waliochuchumaa, inasema jambo ambalo hakuna hotuba ya kulifuta.

Ramadhani, jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, saa ambayo bodaboda wako kwenye foleni. Mpe kila aliyefunga mfuko mdogo kabla hajatoka na mzigo wa jioni: tende 3 hadi 5, maji ya nusu lita, na kitu kikavu kama sambusa mbili. Uji na mihogo ya nazi vibaki kwa walio ghalani. Msimamizi apange mizigo ya mwisho iwe ya njia za karibu, ili mtu apate kusimama pembeni dakika kumi.

Pesa

Mchango wa ofisini huwa mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Watu 12 wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja ni 120,000. Ukigawa kwa watu 15 ni 8,000 kwa kila mtu. Si kidogo kwa anayelipwa kwa siku, lakini ukijua hesabu hiyo mapema utaamua vizuri: ama kutoa pesa, ama kununua kitu kimoja chenye faida. Januari, shule zikifunguliwa, kauntabuku, kalamu na viatu vya shule vina maana kubwa kuliko kikombe chenye nembo ya kampuni.

Pesa ya mchango isimamiwe na watu wawili, ihesabiwe mbele ya wote wawili, na kutoa kuwe kwa hiari. Usiweke kwenye kundi la simu orodha ya nani katoa ngapi. Hapo mchango hugeuka mashindano, na waliokosa hununa. Wenye kazi moja wapate sawa. Ukitaka kumwongeza mmoja kwa jambo maalumu, mpe kando na umwambie ni kwa lipi.

Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Angalia jedwali la makato siku hiyo, ongeza kiasi hicho juu, ili elfu kumi iwe elfu kumi mkononi. Kwa bahasha, andika jina na uifunge. Siku nzuri ni kati ya tarehe 15 na 20, mshahara wa mwezi uliopita ukiwa umekwisha na mwingine haujafika. Kabla ya Idd au Krismasi toa siku nne mapema. Mkesha wenyewe mtu yuko kazini hadi usiku, na sokoni bei zimeshapanda.

Bonasi ya kampuni inayopita kwenye orodha ya mshahara ina kodi. Kwa viwango vilivyowekwa Julai 2021, kipato cha kutozwa kodi kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakikatwi, na kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8 ya ile ziada. Aliyekuwa na 260,000 akiongezwa 50,000 anafika 310,000, na kodi ni 3,200. Si kubwa, lakini ukimtangazia "elfu hamsini" kisha akakuta pungufu, atadhani kuna aliyekula katikati. Mhasibu ataje kiasi kitakachofika mkononi, baada ya makato yote, kabla meneja hajatamka namba mbele ya watu.

Zawadi za chakula zipimwe kwa usafiri. Mfuko wa mchele wa kilo 25 ni mzigo wa kugombana na kondakta wa daladala na kulipia nafasi ya pili. Kilo 5 za mchele, kilo 2 za sukari na lita 1 ya mafuta vinaingia kwenye mfuko mmoja wenye mikono imara. Kuku wa barafu usimpe mlinzi anayeingia jioni na kutoka asubuhi.

Tuzo na Mei Mosi

Mfanyakazi bora wa mwezi ana hatari asizoziona anayempanga. Ukimtuza bodaboda aliyefikisha vifurushi vingi kuliko wote, umewalipa watu wakimbize pikipiki Mandela Road. Ukituza "siku bila ajali", watu wataficha ajali ndogo, na mguu uliovimba utatibiwa kimyakimya nyumbani wakati Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya aliyeumia kazini na unahitaji taarifa. Tuza vitu vilivyo mikononi mwa mtu: mizigo iliyopangwa bila kuchanganywa, hesabu ya pesa za wateja iliyofunga, kumfundisha mgeni njia. Wapendekeze wenzake wa zamu hiyohiyo kwa karatasi za siri, na kila zamu iwe na wake, la sivyo wa mchana watashinda kila mwezi kwa kuwa ndio meneja anaowaona.

Mei Mosi mwenye zamu siku hiyo anadai malipo mara mbili, tuzo au hakuna tuzo. Fulana za maandamano zigawiwe pia kwa walinzi na wa usafi, na saizi ziulizwe wiki mbili mapema. Picha ya mtu akipokea bahasha isiwekwe mtandaoni bila yeye kukubali. Wapo wanaodaiwa, na wapo ambao nyumbani wamesema wanafanya kazi ya ofisini.

Msiba na ugonjwa

Hapa ndipo uhusiano wote unapopimwa. Sheria inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo kwa kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Kibarua na bodaboda hawana siku hizo kwenye karatasi, kwa hiyo rambirambi yao iwe sawa na ya mwajiriwa, na ipelekwe msibani na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ofisini na mmoja wa zamu yake. Kampuni ya mizigo ina kitu ambacho wafiwa wanakihangaikia: gari. Kirikuu cha kubeba viti, maturubai na maji kwa nusu siku hugharimu petroli tu. Dereva wa safari hiyo ahesabiwe yuko kazini.

Yanayoharibika, na namna ya kuyawahi

Asante ya ghafla huleta hofu. Kampuni ikiwa ina fununu za kupunguza watu, pilau lisilo na sababu huitwa la kuagana kabla halijaiva. Tangaza siku tatu mapema, kwa nini na kwa nani.

Mtu akikataa zawadi, usimbembeleze mbele za watu. Muulize baadaye, faragha. Mara nyingi kuna deni la mshahara, au neno aliloambiwa miezi iliyopita, na hilo ndilo la kushughulikia. Akija kukuomba mkopo kesho yake, hajaitumia vibaya asante yako. Jibu kwa ukweli unachoweza na usichoweza, kisha mwelekeze kwa mhasibu kama kuna utaratibu wa malipo ya mbele.

Msimamizi wa kati naye anaweza kuona unamzunguka. Mpe yeye nafasi ya kukabidhi barua au kufungua sufuria, na umwambie mapema.

Mkishamaliza, andika kwenye daftari lenye ile orodha ya majina: kilichobaki, kilichopungua, saa iliyofaa, na nani hakuwepo. Aliyekuwa njiani Kibaha, aliyekuwa mgonjwa, aliyebadilishiwa zamu: sehemu yao ipelekwe kabla wiki haijaisha, mkononi, na mtu yuleyule aliyewapa wengine.